Kalorimita iliyokuwa ikiripoti Malindi

Kama ulisoma fizikia sekondari, kalorimita unayoijua ni kile kikombe cha shaba. Unatia maji, unatumbukiza chuma cha moto, unasoma kipimajoto, kengele inalia, mnatoka. Mimi pia niliishia hapo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kalorimita nyingine iliyokuwa ikipita juu ya paa letu karibu mara 14 kwa siku.

Tuanze nyuma kidogo. Ukifika Ngomeni, kaskazini ya Malindi, utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini. Sisi twasema tu, "San Marco, kwa Wataliano." Kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa pale. Moja iliondoka 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kuchunguza eksirei zinazotoka angani.

Roketi zikaisha, antena zikabaki. Aprili 2007 Italia ikarusha AGILE kutoka India. Satelaiti hiyo ilizunguka karibu na ikweta, mahali ambapo usumaku wa dunia huzuia chembe nyingi zinazovuruga vipimo. Kwa hivyo kila mzunguko ilipita kwetu, na data ikawa inashukia Malindi.

Ndani yake kulikuwa na kalorimita ndogo. Wazo ni lile lile la kikombe: kamata nishati, ipime. Ila badala ya maji, ni vipande 30 vya fuwele nzito ya sesiamu ayodaidi, virefu kama rula ya shule na kidogo. Mwali wa gamma ukigonga fuwele, fuwele inatoa mwanga. Vihisi vya kila ncha vinapima ule mwanga, na hapo unajua nishati ni kiasi gani na imegonga wapi.

Kwani hawangeweka fuwele nyingi zaidi? Uzito, bana. AGILE nzima ilikuwa kama kilo 350. Fermi ya Marekani, iliyorushwa 2008, ilibeba fuwele 1,536, lakini ile ni dude kubwa. Kalorimita nyembamba ina hasara yake: miali yenye nguvu sana inapenya na kutoka upande wa pili, nishati nyingine inapotea. Waliounda AGILE walikubali hasara hiyo, wakaifanya iwe nyepesi na yenye kasi. Kasi hiyo ikalipa. Iliweza kunasa mimweko ya gamma inayotoka kwenye mawingu ya radi hapa hapa duniani, mimweko isiyofika hata sekunde moja.

AGILE iliungua ikirudi angahewa Februari 2024, baada ya karibu miaka 17.

Sisemi tumeibiwa. Nasema tumekaa mlangoni miaka yote hii bila kuambiwa ndani kunafanywa nini. Kenya nayo imekuwa na satelaiti zake, 1KUNS-PF ya 2018 na Taifa-1 ya 2023, kwa hivyo vichwa tunavyo. Lakini mtoto wa Ngomeni anayeshika kile kikombe cha shaba leo, mwalimu amwonyeshe pia yale majukwaa dirishani. Amwambie ni somo moja.

Shuleni kwenu mliambiwa haya, ama ni mimi tu niliyekuwa nimelala?