Udaktari ni Wito, Lakini Nani Hupanga Zamu? Historia Fupi ya Uchovu wa Madaktari wa Moyo

Kila madaktari wanapolalamikia mazingira ya kazi, jibu huwa tayari: udaktari ni wito. Viongozi hulisema jukwaani, wahariri huliandika, nasi wananchi hulirudia tukiwa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sina nia ya kulikanusha neno hilo, kwa maana wapo madaktari wengi waliolithibitisha kwa maisha yao. Ninachouliza ni swali la kihistoria: ni lini wito ulianza kutumika badala ya ratiba ya zamu? Nimewachagua madaktari wa moyo katika hospitali za kufundishia kwa sababu kwao mambo matatu hukutana: mgonjwa asiyeweza kusubiri, mwanafunzi anayepaswa kufundishwa, na mwalimu ambaye ndiye daktari yuleyule.

Tuanze na maana ya uchovu wenyewe. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York alieleza hali aliyoiona miongoni mwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure: watu wenye ari kubwa walikuwa wakikauka taratibu. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha hali hiyo chenye sura tatu: hisia kuisha, mgonjwa kuanza kuonekana kama kitu, na mtu kuhisi kwamba kazi yake haina tija. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kudumu kazini ambao haukudhibitiwa. Halikuiita ugonjwa. Tafsiri hiyo inalitoa suala katika udhaifu wa mtu na kuliweka mahali pa kazi, na mahali pa kazi pana historia.

Historia hiyo ina mlango wake Baltimore, Marekani, mwaka 1889, hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa. Daktari wa upasuaji William Halsted alianzisha hapo mfumo wa kuwafunza mabingwa ambao umeenea duniani. Vijana waliosomea upasuaji waliishi hospitalini, walitarajiwa kupatikana usiku na mchana, na muda wa kuhitimu haukuwa na ukomo ulio wazi. Mkuu wao ndiye aliyeamua. Halsted mwenyewe alikuwa amenaswa na kokeini alipoifanyia majaribio ya ganzi katika miaka ya 1880, kisha akaishi na mofini kwa muda mrefu. Jambo hilo lilibaki siri ya wachache kwa miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1922. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Sidai kwamba mfumo ulizaliwa na dawa hizo. Nasema tu kwamba nyumba iliyowafundisha madaktari kutolala haikuwa na nafasi ya kumuuliza daktari: wewe u hali gani?

Ni katika hospitali hiyohiyo ambapo tarehe 29 Novemba 1944 Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo. Wazo lilitoka kwa Helen Taussig, na njia ya kulitekeleza ilijaribiwa maabara na Vivien Thomas, fundi Mweusi asiyekuwa na shahada, ambaye jina lake halikutajwa kwa muda mrefu. Upasuaji wa kisasa wa moyo ulikulia ndani ya nyumba ya Halsted, ukarithi sifa zake na desturi zake za kazi.

Kisha ikaja saa ya ukutani. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig, akiwa Zurich, alizibua mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho kwa kupitisha puto dogo ndani ya mshipa, bila kufungua kifua. Baadaye njia hiyo ikawa tiba ya dharura ya shambulio la moyo, na miongozo ya Marekani ikataka mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 90 tangu mgonjwa afike. Ni maendeleo makubwa yaliyookoa watu wengi. Lakini dakika hizo 90 hazichagui mchana wala usiku. Lazima pawe na bingwa anayelala na simu mkononi, anayefika, anayevaa aproni nzito ya risasi kujikinga na mionzi, na ambaye asubuhi anasubiriwa wodini na wanafunzi. Teknolojia iliongeza saa za kazi. Haikuongeza watu kwa kasi ileile.

Mabadiliko hayakuletwa na huruma. Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali ya kufundishia ya New York, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wanafunzi waliokuwa na saa nyingi kazini na wagonjwa wengi. Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Baraza la wazee wa mahakama halikuwashtaki madaktari kwa jinai, ila lilikosoa mfumo wa mafunzo. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 ukomo huo ukawa wa nchi nzima kwa madaktari walio mafunzoni. Tazama neno hilo: walio mafunzoni. Bingwa anayewafundisha hakuguswa. Pale ambapo hakuna aliyeajiriwa kuziba pengo, saa zilizoondolewa kwa mwanafunzi huangukia mabega ya mwalimu.

Turudi nyumbani. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wagonjwa waliokuwa wakipelekwa India sasa wengi hutibiwa Dar es Salaam. Ni fahari ya haki. Lakini kila mgonjwa asiyepanda ndege anahitaji daktari anayekesha hapa. Januari 2012 mgomo wa madaktari ulipoanza na vijana wa mafunzo kwa vitendo, na Kenya ilipopita siku 100 za mgomo kuanzia Desemba 2016, mjadala wetu ulikwama kwenye fedha. Tulisahau kwamba posho ya kuitwa kazini, iliyokuwa miongoni mwa madai ya 2012, ni bei ya usiku wa mtu.

Najua hoja ya watumishi wenzangu wa umma: mabingwa ni wachache, tukiwawekea ukomo wa saa nani atatibu? Hoja ina uzito. Hata hivyo, bingwa wa moyo hutengenezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenye visima viwili jangwani hachoti bila kipimo. Uchache ndio sababu ya kuhesabu.

Basi waandaaji wa ikama wajibu maswali matatu. Je, saa za kufundisha na kusimamia wanafunzi zimehesabiwa kama kazi, au zimeachiwa wito? Je, aliyekesha jana amepangiwa mapumziko leo, kwa maandishi? Na je, hospitali inaweka kumbukumbu za saa za madaktari wake kama inavyoweka za dawa zake? Majibu ya maswali hayo hayahitaji mtambo mpya. Ratiba iliandikwa na watu tangu 1889, na watu wanaweza kuiandika upya kabla hatujapata Libby Zion wetu, ikiwa bado hatujampata.