Asali, Miwa na Kashata: Tamutamu katika Malezi ya Watoto wa Pwani

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, vinyago, mashairi na magofu ya Kilwa. Ni nadra kutaja sufuria. Mwanafunzi azijuaye tarehe zote za masultani wa Unguja atacheka akiulizwa kwa nini kashata ya nyumbani kwao hutiwa karanga, kwani atadhani swali hilo si la historia bali la wapishi. Nasi tunadai kuwa ni la historia, tena historia iliyoandikwa kidogo sana, kwa kuwa walioijua zaidi walikuwa ni mama na bibi ambao hawakuulizwa.

Yapo pia maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi, kwamba halua, kaimati na kashata ni vitu vya wageni, na kwa hiyo havina mahali katika utamaduni wetu. Hoja hii haifai kujibiwa kwa hasira, maana ina nusu ya ukweli. Lakini kabla ya kuipima yatupasa tuingie jikoni na kutazama ni nini hasa hufanyika humo.

Katika nyumba nyingi za mwambao, toka Tanga hadi Mtwara, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, kuandaa vitumbua ilikuwa kazi ya siku mbili. Usiku mchele huroweshwa. Asubuhi hutwangwa kinuni na kuchekechwa, nazi ikakunwa juu ya mbuzi, na tui likakamuliwa kwa kifumbu. Watoto wadogo hawafukuzwi. Mtoto wa miaka minne hupewa kipepeo apepee moto, au huambiwa aokote vifuu, au hupewa maji ya nazi ayanywe ili asiwasumbue wakubwa. Afikapo miaka saba au minane humpasa kuketi juu ya mbuzi mwenyewe, naye atajikwaruza kidole mara mbili tatu kabla hajafahamu kwamba nazi huzungushwa, haisukumwi. Bibi huketi karibu akihesabu vibaba. Hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, kabla hatujakabidhiwa ubao na chaki. Na hapo ndipo tulipojifunza maneno ambayo mwalimu hakuyafundisha: kasimile, ambalo ni tui zito la kwanza. Machicha, ambayo ni nazi iliyokwisha kukamuliwa. Na shira, yaani sukari iliyochemshwa kwa maji kidogo hata ikaanza kunata.

Kashata ndiyo iliyotaka utulivu zaidi. Shira ikiisha kuiva hutiwa nazi au karanga na iliki iliyopondwa, ikakorogwa kwa haraka, ikamiminwa juu ya sinia na kusawazishwa, halafu ikakatwa vipande kabla haijapoa. Ukichelewa kidogo itavunjika ovyo. Ukifanya haraka kupita kiasi itashikana tena. Muda huo mfupi ulikuwa labda ndio pekee katika siku ambao watoto wote wa nyumba walinyamaza kwa pamoja. Baadaye kelele zilirudi, kwa sababu ya sufuria. Nyumba nyingi zilikuwa na sheria yake juu ya nani akombe, na mara nyingi haki hiyo ilikuwa ya kitinda mimba. Kifungua mimba yeye alipewa heshima iliyo nzito zaidi, ya kubeba sahani iliyofunikwa kwa kawa hadi nyumba ya jirani, kupiga hodi, kuamkia shikamoo, na kusema maneno aliyotumwa bila kuyapunguza. Sahani ile haikurudi tupu. Jirani asiye na kitu alitia ndimu mbili.

Sasa turudi nyuma. Je, watoto walionja nini kabla ya sukari? Lugha yenyewe yatupa jibu. Neno la kale la Kibantu kwa asali ni uki, nalo lingali likitumika katika lugha kadha za ndugu zetu. Katika Kiswahili limebaki hasa kama jina la pombe ya asali, na katika jina la mdudu mwenyewe, nyuki. Asali ni neno la Kiarabu lililochukua nafasi yake. Tena wazee wa pwani hawakusema asali tu. Walisema asali ya nyuki, kwa sababu walikuwa na asali nyingine mbili: asali ya miwa, ambayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa, na asali ya tembo, iliyopatikana kwa kuchemsha tembo tamu la mnazi kabla halijachacha. Bara nako utamu haukungoja duka. Misitu ya Unyamwezi ilijaa mizinga, na watoto wa Usukuma wametafuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, kwa furaha ileile ambayo watoto wa pwani wametafuna kashata.

Sukari yenyewe si mgeni wa jana katika bahari yetu. Kitabu cha safari kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, chasema kwamba meli za Bara Hindi zilipeleka katika bandari za Pembe ya Afrika, pamoja na ngano, mchele na mafuta ya ufuta, asali ya matete iitwayo sakchari. Kitajapo Rhapta, bandari ya pwani yetu, hakiitaji bidhaa hiyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, katika safari iliyomfikisha Kilwa, alikirimiwa wali wa samli na vitoweo, na pamoja navyo ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Msomaji aliyelelewa pwani hana haja ya kufafanuliwa chakula hicho. Tofauti ni kwamba sisi twapenda kutumia ndizi mbivu, na nazi badala ya maziwa.

Na hapa ndipo tunapoweza kuipima ile hoja ya ugeni. Karanga zilitoka Amerika, zikafika kwetu baada ya Wareno kuingia katika bahari hii mwaka 1498. Viazi vitamu vya matobolwa navyo asili yake ni hukohuko. Ndizi zilitoka Asia ya kusini-mashariki; minazi nayo ilifika pwani yetu kwa njia ya bahari, na iliki ni ya Bara Hindi. Kaimati yaelekea ina jina la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo. Tukianza kuvifukuza vitu vya wageni jikoni, mtoto atabakiwa na ubuyu na asali ya nyuki, navyo ni vizuri sana, ila hata mama anayedai kulinda utamaduni hatakubali kupika futari bila nazi. Kwa maoni yetu, chakula huwa cha watu fulani pale kinapopata kwao kazi yake, watoto wake na lugha yake. Kashata imevipata vyote vitatu.

Lakini kuna jambo lililo zito kuliko asili ya karanga, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika karne ya 19 sukari ilianza kuzalishwa kwa wingi katika pwani yetu wenyewe, hasa katika bonde la mto Pangani. Matajiri wa mji huo walipanda miwa kandokando ya mto, wakajenga vinu vya kuikamulia, na kazi yote ya kulima, kukata, kukamua na kuchemsha ikafanywa na watumwa waliotekwa bara. Mwaka 1873, mwaka uleule ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa, watumwa wa mashamba hayo waliasi, wakajijengea makazi yao Kikogwe, karibu na Pangani. Abushiri bin Salim, ambaye wanafunzi wetu humjua kama shujaa aliyepigana na Wajerumani hadi akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa pia mwenye shamba la miwa. Haipunguzi kitu ushujaa wake kulisema jambo hilo. Ila kutolisema huwapunguza wale waliokata miwa yake.

Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo aeleza jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyolishwa tangu wangali wachanga kabisa uji wa mchele uliosagwa, maziwa na sukari. Waliowalea watoto hao walikuwa ni mayaya watumwa. Yaya huyo naye huenda alikuwa na mtoto wake, na mtoto huyo alikula nini kitabu hakisemi. Twaweza kukadiria tu kwamba utamu ulioonjwa na mtoto wa nyumba ya mtumwa ulikuwa ule wa kukomba sufuria. Utawala wa Wajerumani, ambao haukuukomesha utumwa, uliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe watu huru; wazazi wao wakaendelea kuwa katika hali ileile, na sheria ya kuukomesha utumwa katika Tanganyika haikutoka mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo palikuwa na nyumba ambamo mtoto aliyepewa kashata alikuwa huru, na mama aliyeipika alikuwa mali ya mtu.

Sukari kuwa kitu cha kila nyumba ni habari ya karibuni kuliko tunavyodhani. Mashamba makubwa ya Arusha Chini yalianza katika miaka ya 1930, na kiwanda cha Kilombero katika miaka ya mwanzo ya 1960. Ndipo mama wa kijijini alipoweza kununua sukari nyeupe ya kutosha kutengenezea kitu cha watoto bila kungoja Idi au harusi, naye akaiacha asali ya tembo pole pole, hata leo vijana wengi wa pwani hawajapata kuionja.

Mazoea hayo yalijaribiwa mapema. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, kiwanda cha sukari cha huko kilikuwa miongoni mwa mali iliyoharibiwa, na katika miaka iliyofuata vita sukari ikawa adimu nchini kote. Sisi tulioishi wakati ule twakumbuka foleni, na sukari iliyogawiwa kwa kaya kwa kupimwa, na watu wazima waliokunywa chai kavu ili watoto wapate uji. Waliotaabika kidogo zaidi ni wale waliokuwa na bibi nyumbani. Bibi alijua kwamba ndizi mbivu kupita kiasi, zilizopondwa na kutiwa katika unga wa mchele, hufanya vitumbua visivyohitaji sukari. Kwamba boga likichemshwa kwa kasimile hujitosheleza. Kwamba maji ya miwa, yakipikwa kwa subira na kuenguliwa povu, hugeuka kuwa kitu kizito cha rangi ya kahawia ambacho yeye alikiita asali bila kusita. Watoto waliketi kuuzunguka moto, wakapepea, wakangoja sufuria. Idi ilipofika sahani zilipelekwa kwa majirani kama kawaida, zimefunikwa kwa kawa, ingawa vipande vilikuwa vidogo na mara nyingine vilikuwa vitatu tu, na sahani nyingi zilirudi na ndimu.