Bendera, 29 Juni 1965: tuwakumbuke wote

Umeme wa Kalemie unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi. Pale walikufa watu.

Mwaka 1960 tulipata uhuru, lakini wengi waliona maisha ni yale yale. Ndiyo juu yake waasi wa Simba walitaka "uhuru wa pili". Mwaka 1964 wakashika mji wetu, enzi hizo Albertville. Mwisho wa Agosti jeshi likaurudisha, vita ikabaki milimani, upande wa Fizi.

Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na Wakuba wenzake, akaitwa Tatu. Tarehe 29 Juni Wakuba, Wanyarwanda na Wakongomani walishambulia Bendera. Wakashindwa. Walikufa Wakuba 4 na Wanyarwanda wasiopungua 14. Wengine walikimbia kabla ya kupiga hata risasi moja. Kwa maiti ya Mkuba askari wakakuta daftari, siri ikatoka. Novemba Che akarudi Kigoma.

Hiyo ziwa hata siye tuliivuka, tukikimbia vita zingine, halafu tukarudi. Ndani ya umoja wetu wamo watoto wa Simba na watoto wa askari wa serikali. Tunachangia mfuko mmoja, tunazikana. Majina ya Wakuba yako vitabuni. Ya wazee wetu je?

Tunaomba: wazee waseme, vijana waandike, bila kulaumiana. Wakiondoka kimya, wanaondoka na majina yote.