Motokari Ndogo ya Simu ya Upepo

Wasomaji wengine watauliza: mchezo wa plastiki wafundisha nini juu ya vita? Nasi tuliwaza vile, mpaka tulipoitazama vizuri motokari ya Wadachi iitwayo Sd.Kfz. 223.

Kiwanda cha Tamiya, huko Shizuoka katika Ujapani, huiuza katika vipande. Mtu hukata, husugua, hubandika kwa gundi, kisha hupaka rangi. Kipimo ni moja kwa 35. Ile ya kweli ilikuwa na urefu wa metre 4.80 hivi, hii ya mezani haifiki sentimetre 14. Na kipimo hicho hakikutoka kwa wakubwa wa vita: katika mwaka 1961 kiwanda kilitaka kifaru chake cha Panther kiwe na nafasi ya mota na betri, basi ukubwa ukafuata betri!

Juu ya motokari pana fremu kubwa, mfano wa kitanda kisicho na kamba. Ndiyo antene yake. Ndani walikaa watu watatu wenye mitrayezi moja tu, kwani kazi yao haikuwa kupiga bali kusema. Jemadari Guderian alikuwa afisa wa simu ya upepo katika vita ya 1914. Alijua kwamba vifaru visivyosikia amri vyapotea. Picha ya Mei 1940, katika Ufaransa, yamwonyesha ndani ya gari kubwa zaidi la simu, na askari wake wako kwenye mashine ya siri, Enigma.

Lakini fremu ile ilionekana kwa mbali, adui akajua amri zatoka wapi. Baadaye Wadachi wakaweka fito nyembamba. Tena, maneno ya hewani hayana mlango. Marian Rejewski wa Polandi alifumbua siri ya Enigma tangu 1932. Na kutoka Mei 1940 Waingereza wa Bletchley Park walisoma habari nyingi za jeshi la ndege la Wadachi. Askari aliyeandika herufi zake kwa uangalifu hakujua kitu.

Mwenye kupaka rangi asichanganye miaka: huko Ulaya ilikuwa kijivu mpaka Februari 1943, ndipo manjano iliyofifia ikaamriwa. Na fremu aibandike mwisho. Yetu ilivunjika mara mbili, na kovu laonekana bado chini ya kijivu.