Babu Aliambiwa Asubiri, Akasubiri Miaka Kumi: Jinsi Parachuti Ilivyowafikia Wazee

Kuna babu mmoja wa Uingereza, mkongwe wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mmoja wa wale waliopigana D-Day mwaka 1944. Alipofikisha miaka 90 akasema anataka kuruka na parachuti. Mkewe akakataa. Si daktari aliyemzuia, si serikali. Ni mama mwenye nyumba tu, na mzee akatii.

Akaja kuruka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 100, mkewe akiwa ameshatangulia mbele za haki. Mwaka uliofuata, Mei 2017, akarudia tena akiwa na 101, safari hii na ukoo mzima nyuma yake: mtoto, mjukuu, hadi kitukuu. Picha zikazunguka dunia nzima, watu wakamwaga pongezi.

Wengi waliganda kwenye ile namba 101. Lakini utamu wa stori uko kwenye ile miaka kumi ya katikati. Mzee alikuwa tayari, vifaa vilikuwepo, ndege zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya nyumbani.

Na hii habari ya kunyimwa ruhusa "kwa faida yako mwenyewe" ni ya zamani karibu sawa na parachuti yenyewe.

Turudi Paris. Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa mmoja, André-Jacques Garnerin, akiwa na miaka 28, alipaa na puto juu ya bustani ya Monceau, akafika karibu mita 1,000, akaikata kamba. Alikuwa ndani ya kikapu chini ya mwavuli mkubwa wa hariri. Mwavuli ule haukuwa na tundu juu la kupitishia hewa, kwa hiyo kikapu kilimyumbisha huku na huko kama kengele mpaka chini. Akatua salama. Paris ikapagawa.

Mwaka uliofuata akatangaza kwamba safari ijayo ya puto atapanda na mwanamke. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Polisi wakamwita ajieleze. Hoja zao? Kwanza, hewa ya kule juu ni nyepesi, itaharibu viungo laini vya mwanamke, pengine azimie. Pili, maadili: mwanamume na mwanamke wamebanana kwenye kikapu kimoja, watu watasemaje? Tena wakasema dada wa watu hajui anachojiingizia. Wakapiga marufuku. Suala likafika hadi kwa mawaziri, nao wakaona kwamba kama watu wa jinsia mbili wanaruhusiwa kupanda gari moja la farasi, hakuna dhambi wakipanda puto moja. Marufuku ikafutwa, safari ikafanyika Julai 1798. Na tarehe 12 Oktoba 1799, Jeanne Labrosse, aliyekuwa mwanafunzi wa Garnerin na baadaye mkewe, akaruka na parachuti kutoka mita 900. Mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Viungo vyake laini vikatua navyo salama.

Ukibadilisha neno "mwanamke" ukaweka "mzee", maneno ya polisi wale utayasikia hata leo sebuleni. Presha itapanda. Atazimia. Watu watasemaje. Hajui anachotaka.

Tofauti ni kwamba upande wa wazee, kwa muda mrefu waliokataa walikuwa na hoja.

Kwa miaka zaidi ya mia moja na nusu, kuruka na parachuti ilikuwa kazi ya kuvunja miguu. Mfano mzuri ni binti mmoja wa Marekani aliyejulikana kama Tiny Broadwick, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo. Alianza kuruka kutoka kwenye puto mwaka 1908 akiwa na miaka 15, na mwaka 1913 akaruka kutoka kwenye ndege huko Los Angeles. Aliruka mara nyingi sana. Lakini mwaka 1922 akastaafu, vifundo vya miguu vimechoka. Hakuwa amefika hata 30!

Halafu kulikuwa na hofu nyingine. Watu wengi waliamini kwamba mtu akianguka hewani bila parachuti kufunguka mapema, atapoteza fahamu na hataweza kuvuta kamba mwenyewe. Leslie Irvin alijaribu tarehe 28 Aprili 1919 huko Dayton, Ohio, akiwa na parachuti ya mgongoni ya kufunguliwa kwa mkono. Fahamu hazikumtoka, kamba akaivuta. Ila alipogusa ardhi akavunjika kifundo cha mguu. Kichwa kilikuwa sawa, tatizo ni ardhi.

Hilo ndilo lililobaki kwa miongo mingi. Parachuti za duara zilipunguza kasi lakini hazikuweza kukutua taratibu. Ukifika chini ni kama umejirusha kutoka juu ya ukuta, na ilibidi ujue kukunja mwili na kubingirika, vinginevyo hospitali inakuhusu. Kijana wa jeshi wa miaka 20 anaweza. Bibi mwenye magoti mabovu, hapana.

Mwaka 1964 mtengenezaji wa vishada, Domina Jalbert, akaja na kitu tofauti kabisa: kitambaa cha mstatili chenye vifuko vinavyojaa upepo, kinachofanya kazi kama bawa la ndege. Bawa hilo unaliendesha. Ukikaribia ardhi unavuta kamba mbili, linapunguza mwendo, na unatua kama umeshuka kwenye ngazi ya mwisho. Hapa mifupa ikapata nafuu. Lakini bado mwanafunzi alitakiwa ajifunze, aruke mwenyewe, avute mwenyewe, aongoze mwenyewe.

Mlango wa wazee ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wamarekani wawili, Bill Booth na Ted Strong, kila mmoja na kampuni yake, wakatengeneza parachuti kubwa ya kubeba watu wawili: mkufunzi nyuma, mgeni mbele, wamefungwa pamoja. Shida ikawa uzito. Watu wawili pamoja huanguka kwa kasi kuliko mmoja, na parachuti ikifunguka kwenye kasi hiyo inapiga mshtuko mkali. Dawa ikawa kaparachuti kadogo kanakoachiwa nyuma mara tu mnapotoka kwenye ndege, kanawashika mwendo mpaka mnashuka kwa kasi ya mtu mmoja, kama kilomita 190 kwa saa. Mwaka 1984 mamlaka ya anga ya Marekani ikaruhusu mtindo huo kama majaribio. Majaribio hayo yakadumu hadi mwaka 2001 ndipo yakawa kanuni rasmi. Miaka 17 ya "tunaangalia kwanza"!

Angalia kilichobadilika kwa mzee. Kamba anavuta mkufunzi, na kwa Marekani mkufunzi huyo lazima awe ameruka angalau mara 500 na awe kwenye mchezo huo kwa miaka mitatu. Uongozaji wa mkufunzi. Kutua, mgeni ananyanyua miguu mbele, wanateleza wamekaa. Magoti hayaguswi. Kazi pekee aliyobaki nayo mzee ni kukubali.

Ndiyo maana ule msemo wa bibi wa Chicago unahitaji kupigiwa mstari na pia kupingwa kidogo. Huyu bibi aliruka Oktoba 2023 huko Illinois akiwa na miaka 104, kutoka futi 13,500, karibu mita 4,100. Kigari chake cha kutembelea alikiacha chini kinamsubiri. Alipotua akawaambia watu kwamba umri ni namba tu, na sentensi hiyo ikasambaa kuliko hata habari yenyewe.

Kwa heshima zote kwa bibi, umri si namba tu. Umri ni mifupa, ni presha, ni moyo, na ndiyo maana sehemu nyingi zinataka karatasi ya daktari. Mifupa ya bibi wa 104 haikuwa migumu kuliko vifundo vya Tiny wa 29. Kilichokuwa tofauti ni mtambo alioning'inia.

Ambacho hakuna mtambo uliomsaidia ni ule mlango wa ndege. Mara yake ya kwanza, akiwa na miaka 100, ilibidi asukumwe. Hii sehemu huwa inarukwa haraka, na kumbe ndiyo ya kweli kuliko zote. Aliogopa, kama kila mtu anavyoogopa akiona mawingu chini ya viatu vyake. Kwenye ile ya 104 akasema sasa anatoka yeye wa kwanza, na akatoka. Siku chache baadaye akafariki usingizini, nyumbani kwake.

Wapo wanaoruka kwa deni. Rais mstaafu wa Marekani, George H. W. Bush, alikuwa rubani wa miaka 20 ndege yake ilipotunguliwa karibu na kisiwa cha Chichijima, Septemba 1944. Alitoka vibaya: alivuta kamba mapema mno, akagonga kichwa kwenye mkia wa ndege, parachuti ikachanika. Yeye akaokolewa na nyambizi, wenzake wawili wakafa. Miaka 52 baadaye, Machi 1997, akiwa na miaka 72, akaruka tena huko Yuma, Arizona, safari hii kwa kupenda, akishuka na wakufunzi wa jeshi pembeni yake. Alitaka airuke kama inavyotakiwa. Akazoea. Akaruka akiwa na 75, na 80, na 85, na mwaka 2014 akaruka akiwa na 90, wakati huo miguu imeshagoma, anatumia kiti cha magurudumu. Bila ule mtindo wa kufungwa wawili, hiyo ya 90 isingewezekana kabisa.

Wengine wanaruka kwa msiba. Bibi mmoja wa Australia alimpoteza binti yake kwa ugonjwa wa neva unaomaliza misuli taratibu. Alipotimiza miaka 100, mwaka 2016, akaruka kuchangisha pesa za kupambana na ugonjwa huo. Desemba 2018, akiwa na 102, akarudia. Hapo nani angemwambia mama huyo akae atulie? Maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko urefu wa ile ndege.

Kwetu huku mlango upo pia. Diani, pwani ya Kenya, watu wanaruka juu ya bahari, wamefungwa na mkufunzi, wanatua mchangani. Wengi unaowaona kwenye video ni vijana na watalii. Mama wa miaka 65 akitaka kwenda, kikao cha familia kitakaa kabla ya daktari hajapima chochote, na shangazi ambaye hajawahi kupanda hata ndege ya kawaida ndiye atakayeongea zaidi. Presha ipimwe, hilo ni sawa kabisa. Lakini mara nyingi hakuna anayepima, watu wanakataa tu, na mama anarudi zake jikoni.

Texas wao walifanya kinyume, babu ndiye aliyewavuta wajukuu. Alianza kuruka mwaka 2017, alipotimiza miaka 100. Akawaahidi wajukuu zake mapacha kwamba wakimaliza chuo ataruka nao. Wakamaliza, na Julai 2020 akatimiza ahadi akiwa na miaka 103. Baadaye bibi mmoja wa Sweden, naye wa 103, akamzidi kwa zaidi ya miezi miwili na kumnyang'anya rekodi. Babu hakuridhika. Novemba 2023 akarudi angani akiwa na miaka 106.

Siku hiyo aliruka pamoja na gavana wa Texas, ambaye amekuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu mwaka 1984, alipoangukiwa na mti akiwa anakimbia mazoezi. Gavana alikuwa na miaka 66. Mgeni wa mambo hayo alikuwa yeye, ndiyo kwanza anaruka.