International Community School

International Community School ni shule ya msingi ya umma katika kaunti ya DeKalb, jimbo la Georgia, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2002. Huendeshwa na bodi yake kwa mkataba na mamlaka ya elimu ya kaunti, na haitozi karo. Hupokea watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tano na kufuata mtaala wa International Baccalaureate. Iliasisiwa ili wakimbizi waliopewa makazi eneo la Clarkston, wakiwemo Wakongo na Warundi, wasome pamoja na wenyeji. Ufaulu hupimwa kwa mitihani ya jimbo inayofanywa kwa Kiingereza. Hivyo alama za wanaoanza kujifunza lugha hiyo huakisi pia kiwango chao cha lugha, si maarifa ya somo pekee.