Njaa ya Emutai na Migomba ya Mlima Meru

  Ninyi wa Kisongo sogeeni karibu na redio, maana habari za leo ni za kwenu.

Andikeni ubaoni neno hili: EMUTAI. Wenye kusema Kimaasai wanalijua. Maana yake ni kumalizwa kabisa. Ndilo jina la miaka mibaya iliyoanza 1883 hivi. Kwanza homa ya mapafu iliua ng'ombe. Mwaka 1891 ikaja sotoka, ikawamaliza karibu wote waliobaki. Kisha ndui ikawashika watu wenyewe, nao wamekwisha kudhoofika kwa njaa.

Fikirini hali ya mfugaji asiye na ng'ombe. Hana maziwa, hana mahari, hana kitu cha kubadilisha apate mahindi.

Mwezi wa Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alifika Ngorongoro. Aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa mitupu. Aliandika kwamba wazazi walitaka kumpa watoto wao kwa kipande cha nyama. Alipokataa, waliwaficha watoto karibu na kambi yake, wakaenda zao. Msiseme watu hao hawakuwa na huruma. Waliwaacha pale penye chakula ili waishi. Lakini mzazi aliyefanya hivyo, hata akishiba baadaye, je, alilala usingizi?

Walio hai walikwenda wapi? Wengi wa Kisongo walipanda Meru kwa Waarusha. Waarusha walikuwa wakulima wa ndizi, mahindi na maharage, wakisema lugha ile ile ya Kimaa na kufuata marika yale yale. Basi mtu mwenye njaa aliyefika huko alikuta watu wa rika lake. Hakuwa mgeni kabisa. Alishika jembe, kazi aliyokuwa akiidharau, akala. Wengine walioa au kuolewa, wakawa Waarusha. Wengine walipopata ng'ombe tena walirudi mbugani. Mimi naona jambo hili la kurudi ni kubwa kuliko chakula chenyewe.

Mara mlima nao ukapigwa. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Meru. Kapteni Johannes, Mjerumani, akaja na askari. Walichoma nyumba, wakateka ng'ombe, wakakata migomba. Mkulima anajua maana yake: mgomba mchanga hukaa mwaka na zaidi kabla ya kuzaa. Kukata migomba ni kuwanyima chakula hata wale wasiokuwamo katika ugomvi. Baadaye Wajerumani walijenga boma lao, na mji wa Arusha ukakua kulizunguka.

Tuje karibu. Ukame wa 2008 na 2009 uliua mifugo mingi sana Longido, Monduli na Ngorongoro. Chakula cha msaada kilitolewa, na baadaye serikali ikawapa ng'ombe watu waliopoteza mifugo yao yote. Wananchi waliwaita ng'ombe hao kifuta machozi. Jina zuri! Mtu aliyelitoa alijua kwamba aliyefilisika ana njaa, tena ana msiba.

Siku hizi tunao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza 2008, wenye kituo Arusha. Ghala ni jambo jema. Lakini kijana aliyefiwa na mifugo hupita Kisongo akaingia mjini kutafuta kazi ya ulinzi, na mjini hakuna anayemwuliza rika lake. Atalala wapi? Nani atamdhamini dukani? Wanaopanga mambo ya chakula cha mji wayaulize hayo pia, tena wamwulize mwenyewe, na bila kumsimamisha foleni juani kama mwizi.

Sasa kazi ya darasa. Zungumzeni juu ya ukame wa 2009: nani katika kijiji chenu alipokea watu, na alipewa nini aliyepoteza kila kitu? Mwandikishaji aandike majibu kwa sentensi fupi. Wiki ijayo tutayasoma hewani.